Magoti ya Mama Tapi

Alipoingia nyumbani kwa mtu hakutazama uso wa mwenyeji kwanza. Alitazama chini. Alivua kandambili mlangoni, akapiga hodi na kusalimu kwa pumzi moja, na macho yake yakaanza kutembea sakafuni polepole, kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, kutoka kwenye kochi hadi kwenye televisheni, mpaka yalipokimaliza chumba. Ndipo alipoinua kichwa na kuuliza habari za watoto. Wasiomjua walidhani ana haya. Waliomjua walikuwa wameshaanza kujitetea.

"Pale ni mutoto alimwanga chai, Mama. Juzi tu."

"Mi siko polisi," alijibu. "Munisaidie kuondoa meza."

Mtaa mzima wa Buyenzi ulimwita Mama Tapi. Tapi ndilo zulia katika Kiswahili chetu cha Bujumbura, na kazi yake ilikuwa kuyafua: ya sufu na ya nailoni, ya salo, yaani sebule, za matajiri na ya watu wenye zulia moja tu linalotandikwa mgeni akija. Sitaandika alizaliwa wapi wala wazazi wake walikuwa akina nani, kwa sababu sikumwuliza. Naye hakuniuliza mimi. Nilikuwa nimevuka mpaka wa Gatumba nikitokea Uvira, Congo, na mfuko mmoja wa nguo, na kwake hilo lilitosha kuwa historia.

Ninachotaka kueleza kwanza ni magoti yake, maana bila hayo mengine hayataeleweka.

Zulia likifika uani kwake lilipigwa vumbi likiwa limegeuzwa mgongo juu, likafagiliwa, likaloweshwa, likasuguliwa kwa brashi na sabuni iliyokwanguliwa ndani ya maji ya vuguvugu, likasuuzwa mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Kisha maji yalisukumwa kwa raklet, ule mpira wenye mpini mrefu tunaokaushia sakafu, na zulia likaning'inizwa juu ya miti. Hayo yote tuliweza kuyafanya sisi. La mwisho lilikuwa lake peke yake. Zulia lilitandazwa, yeye akaweka kitambaa cheupe kilichokunjwa mara kadhaa, akapiga magoti juu yake kwa uzito wake wote, akatulia. Kisha akainuka, akakigeuza kitambaa kuelekea kwenye mwanga, akasogea hatua nyingine. Katikati, pembeni, kwenye kona, chini ya matamvua. Kitambaa kikibaki kikavu na cheupe, zulia lilirudi kwa mwenyewe. Kikishika unyevu au rangi, lilirudi kwenye miti, hata kama mwenyewe amesimama langoni na harusi ni kesho.

Nilimwuliza kwa nini asiguse kwa mkono.

"Mukono iko na haraka," alisema. "Inagusa juu, inasikia sawa, inaenda. Chini kule maji imelala. Mutu mwenye kulala humwamshi na kidole."

Zulia lililokauka juu likabaki na maji chini hunuka baada ya siku chache kama mbwa aliyenyeshewa. Miaka niliyofanya naye kazi lilirudi moja tu kwa sababu ya harufu, na alilizungumzia kwa sauti ile ya mtu anayezungumzia msiba.

Basi magoti hayo ndiyo yaliyoanza kuisha. Daktari mmoja kule Kamenge aliyapiga picha, akaitundika kwenye taa na kumwonyesha. Saidi, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akitubebea mazulia kwa tuk-tuk yake, aliingia naye, na yeye ndiye aliyetusimulia. Daktari alimwambia Mama kuwa akiendelea kupiga magoti juu ya saruji yenye maji, itafika siku ambayo hataweza kupiga magoti tena kabisa.

"Hata kwa kuswali?" Mama aliuliza.

"Hata kwa kuswali, Mama."

Saidi alisema hakulia wala hakubishana. Walipofika kwenye tuk-tuk alikaa nyuma, akajifunika mtandio vizuri, akasema, "Kumbe inaisha kama sabuni." Ndivyo alivyolielewa jambo hilo tangu siku hiyo. Kulikuwa na kipande kilichobaki, na kulikuwa na wawili wanaokihitaji: mazulia ya watu, na Mungu wake.

Nilimkuta miaka kabla ya hapo, kwa sababu ya maji. Nilikuwa nikipita Buyenzi na ndoo ya mayai ya kuchemsha, biashara yangu ya mwezi ule. Mwezi uliotangulia nilibeba mchanga, na uliotangulia huo niliuza vocha za simu. Nilitoka shule kabla ya kumaliza darasa la sita, si kwa utundu wala ujinga, ila kila niliposhika jambo moja jingine liliniita. Siku hiyo niliona mfereji wa maji mekundu ukitoka chini ya lango la mabati. Nikachungulia. Ndani mama mmoja mwembamba alikuwa akisuuza zulia la kijani.

"Mama," nikasema, "tapi ni kijani, maji inatoka nyekundu namna gani?"

Hakugeuka. "Unauza mayai ao unauliza?"

"Vyote."

"Wekea mayai kivuli. Njoo usugue, utaona yenyewe."

Nilisugua mpaka adhuhuri. Maji yaliendelea kutoka mekundu, kisha rangi ya chai, kisha ya chai ya mgonjwa, kisha meupe. Ulikuwa udongo wa milimani tu. Mwenye zulia alikuwa na shamba huko juu na alirudi nao kila wiki kwenye viatu. Jibu lenyewe halikuwa kubwa, lakini nilikuwa nimelitoa kwa mikono yangu. Mayai tulikula sisi na Saidi.

Kesho yake nilirudi kuona kama limekauka. Ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu: sikuajiriwa, nilirudi tu kuona. Mtu kama mimi, aliyeacha kila kitu katikati, nilikuta kazi isiyokubali kuachwa katikati. Ukilowesha zulia umeshajifunga. Huwezi kusema nimechoka, nitaendelea nikipenda. Likikaa limelowa linaoza na rangi zinaingiliana. Hakuna aliyenihubiria jambo hilo. Mama hakuwa mtu wa mahubiri. Aliniachia maji na brashi, akaenda kupiga gumzo na jirani.

Na gumzo alilipenda. Alijua nani amemwacha nani kuanzia Buyenzi hadi Bwiza, na alikisimulia kisa akiiga sauti za wahusika, pamoja na kikohozi cha mume. Lakini yale tuliyoyaona ndani ya nyumba za wateja hayakutoka mdomoni mwake hata kidogo. Tulikuta vitu chini ya mazulia: vifungo, maharage, jino la mtoto, shanga za rozari, funguo zilizotafutwa mpaka kufuli likabadilishwa. Vyote aliviweka kwenye bakuli la bati, kisha kwenye mfuko mdogo, na mfuko ukarudi na zulia. Hata haragwe lilirudi. Nilimcheka kwa haragwe.

"We utaamua ya kuregesha na ya kutupa?" aliniuliza. "Leo haragwe. Kesho pete utasema ni haragwe."

Siku moja, katika nyumba fulani, tulipeleka zulia na mfuko wake, na mwenye nyumba mwanamke akaumwaga mezani mbele ya mumewe. Kulikuwa na hereni moja, ndogo, yenye jiwe la buluu. Yule mama akaishika kwa kucha mbili.

"Hii si yangu," akasema, na akamgeukia mumewe.

Bwana alikuwa akitazama hereni kama mtu anayetazama nyoka.

"Haa, ni yangu hiyo," Mama Tapi alisema, akanyoosha mkono. "Ilinitoka wakati naikunja. Tangu juzi natafuta. Asante, madamu."

Akaitia kwenye pindo la nguo yake, akaaga. Huyo ndiye aliyekataa kumdanganya mtu kuhusu kona moja yenye unyevu. Ndani ya tuk-tuk nilimwambia, "Mama, umesema uongo." Alikuwa akiifungua ile hereni pindoni, akaitupa kwenye mtaro.

"Mi nafua tapi," alisema. "Ndoa wafue wenyewe."

Saidi alicheka mpaka akakosa njia. Lakini niliona Mama hakucheka. Jioni ile alikaa muda mrefu kwenye swala yake, na nadhani ile hereni ilikuwa mojawapo ya mambo aliyokuwa akiyazungumza huko chini.

Alizungumzia uchafu kama mtu. "Huyu bado iko," alisema, akibonyeza doa. "Anajifanya ameenda. Anasubiri tutoke." Doa la mafuta ya mawese alilichukia kama jirani mbaya. Doa la damu alilifua akinong'ona, hata kama ilikuwa damu ya kuku. Nyumbani kwake mwenyewe hapakuwa na zulia. Palikuwa na saruji iliyosafishwa mpaka ikang'aa, na mkeka. Nilipomwuliza alishangaa swali.

"Mwenye kuchinja ngombe, iko analala nayo?"

Na alikosea pia. Kosa lake kubwa, lile ambalo Saidi hakuchoka kumchokozea, lilitokea Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu, kwa mama mmoja mkarimu aliyekuwa Mkatoliki na mwenye mbwa mzee mweupe. Mbwa yule alilala mlangoni juu ya kijizulia chenye mchoro wa tao, kama lile la msikitini linaloonyesha upande wa kuswalia. Mama Tapi alisimama akilitazama zulia lile bila kubandua macho. Kisha akasema tunalichukua hilo tu, mengine wiki ijayo.

Alilifua mara saba. Alilifua kwa udongo na maji, kama inavyofundisha dini yake kuhusu chombo kilicholambwa na mbwa. Alilikausha mbali na mengine. Na siku ya kulirudisha alimkuta mwenyewe sebuleni, akaanza hotuba ambayo alikuwa ameipanga njia nzima, kwamba kitu hiki kiliwekewa paji la uso, si mkia, na kwamba yuko tayari kutoa mkeka wake mwenyewe kwa ajili ya mbwa, bure.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaligeuza zulia mgongo, akamwonyesha kwa upole. Lilikuwa la plastiki, lenye kibandiko cha duka la vifaa vya bafu ambacho tulikisugua mara saba bila kukisoma. Lilikuwa limenunuliwa kwa ajili ya choo, na lile tao lilikuwa mlango wa kasri katika picha ambayo nusu yake ya juu ilikuwa imekatwa na kiwanda.

"Iko na farasi hapa chini," yule mama alisema. "Ona mguu wake."

Kweli, ulikuwa mguu wa farasi. Mama Tapi aliutazama. "Basi imekuwa choo safi kushinda vyote vya Mutanga," alisema, na wale wanawake wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mbwa alirudishiwa tandiko lake. Lakini yule mama, tangu hapo, aliliweka upande wa pili wa mlango, pale Mama Tapi asipolazimika kulivuka akija. Sijui kama walilizungumza hilo. Nafikiri hawakulizungumza.

Baada ya maneno ya daktari, Saidi na mimi tulianza vita. Tulitaka aache kupiga magoti kazini. Alikubali kila asubuhi na kuvunja ahadi kila mchana. Tulimkamata nyuma ya mazulia yaliyoning'inizwa, amepiga magoti, kitambaa mkononi, kama mtoto aliyeiba sukari.

"Mama mudogo," Saidi alimwambia, "kwani huyu Mukongomani magoti yake ni ya mapambo?"

"Huyu akili yake iko na tembea. Atapiga magoti hapa, akili iko Kigoma."

"Nifundishe," nilisema.

"Nakufundisha kila siku. Unaniangalia mikono. Angalia uso."

Sikuelewa alichomaanisha, nikamtazama uso. Alipopiga magoti juu ya zulia alifumba macho. Hilo nilikuwa sijaliona kwa miaka yote. Kitambaa kilikuwa cha kutuonyesha sisi na wateja. Yeye alikuwa ameshajua kabla ya kukigeuza. Baridi ilipanda kupitia kitambaa mpaka kwenye mfupa, na alisubiri imfikie. Nilianza kufanya hivyo. Mwanzoni nilisikia mawe na maumivu tu. Kisha siku moja nikasikia kitu kama pumzi ya mtungi wa maji, kidogo sana, upande wa kushoto. Nikageuza kitambaa, kikawa na alama. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema, "Ego," neno la Kirundi la kukubali, akaenda zake. Kwa mtu ambaye hakuwahi kupewa cheti chochote, hilo lilinitosha wiki nzima.

Saidi alileta mashine. Aliikuta kwa mfanyabiashara mmoja katikati ya mji, imeshatumika, ina bomba la kumwaga maji na bomba la kuyanyonya, na mtu anaiendesha amesimama. Mama aliizunguka bila kuigusa. Alisema itang'oa nyuzi, na kwamba inapiga kelele kama mlevi, na kwamba zulia litaogopa. Tukaijaribu kwenye moketi ya ofisi moja, ile iliyobandikwa sakafuni isiyoweza kubebwa. Ilitoa maji meusi kama ya mkaa, na moketi ikabaki na nyuzi zake zote. Mama alipiga magoti, akafumba macho, akainuka kwa taabu.

"Nilisema vibaya," alisema. "Hii inajua kazi."

Tangu siku hiyo aliiita Mukwe, kwa sababu aliiheshimu lakini hakutaka kukaa nayo chumba kimoja. Umeme ulipokatika alisema Mukwe amenuna. Lakini magoti yalipumzika kidogo, na Saidi alitembea mtaani kama waziri.

Kilichoharibu hesabu yetu ni maji ya Buterere. Ua wa Buyenzi ulikuwa mdogo, kwa hiyo mazulia makubwa tuliyaanika Buterere, kule kaskazini kwenye mashamba ya mpunga, ambako ardhi iko wazi na upepo unapita. Siku za masika tulikaa pale tukitazama milima ya Congo ng'ambo ya ziwa, yeye akitafuta mawingu, mimi nikitafuta nyumbani. Mchana ule mawingu hayakutoka huko. Maji yalitoka upande mwingine, chini, kutoka kwenye mifereji ya mpunga, yakapanda bila kelele. Tulipoyaona yalikuwa vifundoni.

Tulipandisha mazulia juu ya mapaa ya majirani. Mama alibeba pamoja nasi, kisha akapiga magoti ndani ya maji kukunja lile zito zaidi, la mwanasheria mmoja, ambalo lilikuwa limetandazwa juu ya miti ya chini na halikuweza kuinuliwa bila kukunjwa. Hapo ndipo jirani mmoja alipotoka na mtoto mchanga aliyemfunga kwenye kitambaa kilicholowa, akisema "Mana yanje, Mana yanje," yaani Mungu wangu kwa Kirundi, akitafuta mahali pakavu pa kumlaza. Hapakuwa na mahali. Mama alifungua zulia la mwanasheria juu ya meza ya jirani iliyokuwa imelowa, lile ambalo asingeruhusu hata mimi nilikanyage na soksi, akamlaza mtoto katikati, akamfunika kwa ncha yake.

Baadaye alilifua upya, na alipolirudisha alimweleza mwenyewe kila kitu. Mwanasheria hakumtukana. Hakumwita tena, basi. Saidi alikasirika sana. "Ni haki yake," Mama alisema. "Alinipa tapi, hakunipa kitanda ya mutoto."

Lakini maji yale yalichukua kipande kikubwa cha sabuni yake. Wiki zilizofuata hakuweza kukunja miguu. Alhamisi moja mchana nilimkuta chumbani akiswali juu ya kiti cha plastiki, akiinamisha kichwa tu pale alipopaswa kufika chini. Alikuwa amekiweka kiti nyuma ya mlango ili mtu asimwone. Nilirudi nyuma. Alipotoka alikuwa anajua nimeona.

"Mungu anakubali kiti," alisema. "Mi njo sikubali."

Hakuna siku nyingine aliyonionyesha jambo hilo waziwazi. Yeye aliyegusa kila sakafu ya mji huu alikuwa anashindwa kuigusa ile moja aliyoitaka. Tangu siku hiyo hatukumkamata tena nyuma ya mazulia. Aliacha. Alipodondosha sindano aliita mtu. Alipotaka kuvaa viatu aliketi na kunyoosha mguu kama malkia. Alijinyima kila kuinama, akisema anaweka akiba, na hatukujua kama kuna akiba iliyobaki ya kuweka. Kupima mazulia kukawa kazi yangu na ya Zaituni, mwanamke kijana kutoka mtaani ambaye alikuwa na magoti mazuri na ulimi mkali.

Kisha miguu yangu ikaanza kuniwasha, kama kawaida. Mama aliona kabla yangu.

"Unaangalia basi za Rumonge," aliniambia. "Nenda. Zaituni ameshajua. Mutu wa kutembea akikaa sana anaharibika, anakuwa fundi mwenye hasira. Mi sitaki fundi mwenye hasira."

Nikaenda. Nimefanya kazi Rumonge kwenye mawese, nimevua dagaa, nimekuwa msaidizi wa fundi seremala, nimeishi Kigoma kweli. Kote huko nimekuwa mtu anayemaliza kitu kabla ya kuondoka. Wanaoniajiri hushangaa, maana sura yangu si ya mtu wa namna hiyo. Sina la kuwaeleza fupi. Ningelazimika kuanza na maji mekundu chini ya lango.

Mwaka huu nilipita Bujumbura. Esansi, yaani petroli, ilikuwa haipatikani na Saidi alikuwa amelala ndani ya tuk-tuk yake kwenye foleni, akanielekeza kwa mdomo bila kuamka vizuri: "Wako kwenye ua. Wanafua ya musikiti." Ilikuwa Shaaban, Ramadhani inakaribia, na mazulia marefu ya msikiti wa mtaani yalikuwa yametandazwa kwa safu, ya kijani yenye mistari myeupe. Mama hakuchukua malipo kwa hayo. Alikuwa ameketi kivulini, amekonda zaidi, akimwongoza Zaituni kwa kidole.

"Karibu, Mukongomani. Umenenepa. Vua viatu, kuna kazi."

Sikupewa hata maji. Nilisukuma raklet mpaka mgongo ukaniuma, tukaanika, na siku iliyofuata, jua likiwa limepiga vizuri, nikapima safu ya mwisho mwenyewe huku Zaituni akipima nyingine. Nilifumba macho. Nilisikia kukavu, nikasema pamekauka.

Alasiri iliadhiniwa. Mama alikuwa ameshatawadha. Zaituni alimwendea na kiti, akamwambia, "Mama, mukeka yako iko mu nyumba, nilete?"

"Acha. Nitaswali hapa."

Akavua kandambili, akasimama juu ya safu niliyoipima mimi. Zaituni alinitupia jicho, na nikaelewa kutoka kwenye uso wake kwamba si kila siku inawezekana. Siku nyingine ni kiti. Hakuna anayejua mpaka afike pale.

Alisimama. Aliinama. Akasimama tena. Kisha akaanza kushuka, mkono mmoja kwenye paja, polepole, kama mtu anayeteremka kisimani bila kuona maji. Goti la kulia likagusa. La kushoto likachelewa, likagusa. Paji la uso likafika chini, na Zaituni akashusha pumzi kwa sauti. Tulisimama pale kama watu wanaoangalia mtoto akitembea, mimi Mkristo na ndoo mkononi, nisijue kama ninaruhusiwa kufurahi. Rakaa zilizobaki aliziswali bila kusimama tena, akiwa ameketi, lakini kila mara paji lilifika chini. Katika sijda ya mwisho alikaa sana. Alikaa mpaka nikaiweka ndoo.

Alitoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Akanyanyua viganja, akaomba, akajipangusa uso. Kisha, bila kugeuka:

"Nani amepima hii?"

"Mimi, Mama."

"Kona ya kushoto, chini, iko na maji."

Zaituni akaziba mdomo. "Mama, ulikuwa unaswali ao unapima?"

"Niko na magoti mawili," alisema. "Mungu atanisamehe ile moja. Munisimamishe."

Nilinyoosha mkono. Akautikisia kichwa, maana udhu ule alitaka umfikishe Magharibi, na mimi si mwanawe wa kumzaa, mkono wangu ungeutengua. Zaituni alipita kumshika upande mmoja, na mimi nikageuza raklet, nikampa mpini. Aliushika kwa mikono miwili. Nikavuta upande wangu, taratibu, Zaituni akamwinua kwapani, na akaja juu, mwepesi, akicheka kidogo kwa maumivu, mpaka akasimama sawasawa mbele yangu, mpini ukiwa bado katikati yetu.

"Sasa we," alisema.

Nikapiga magoti pale alipotoka. Palikuwa na joto lake. Nikafumba macho, nikasubiri, naye akasubiri juu yangu bila kuniharakisha, na baada ya muda baridi ile ndogo ikapanda, upande wa kushoto, chini kabisa.

"Unaisikia?" aliuliza.

"Naisikia, Mama."

"Basi irudishe kwenye miti."